Mnara wa Mvuke na Taulo la Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Asubuhi mawingu mepesi, hakuna upepo. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeshawaka, mabati yakaanza kulia.

Siku hiyo mama mkwe wa Mvuke alifika na begi moja, mto wake wa kulalia, na taulo jipya la rangi ya chungwa. Paa la nyumba yake lilikuwa linabadilishwa, kwa hiyo angekaa kwa binti yake mpaka mafundi wamalize, na kila mtu anajua mafundi wa paa humaliza lini. Mvuke alimpokea mlangoni, akainamisha kichwa, akauliza habari za safari, akachukua begi. Mwili wake ulikuwa sebuleni. Akili ilikuwa uani, kwenye mtambo.

Mvuke si jina lake. Ni jina alilopewa na wenzake wa kiwanda cha maziwa, ambako alitunza boila tangu ndevu zinaota mpaka zinageuka mvi. Boila ile haikuzimwa. Mameneja walikuja na kuondoka, rangi ya ukuta ilibadilishwa, maziwa yalipanda bei, boila ikaendelea kunguruma, na Mvuke akaendelea kusimama mbele yake na kitambaa begani. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na kumshika mkono. Akarudi nyumbani, akakuta kimya. Kwa miezi ya kwanza alikaa jikoni akitazama birika. Likichemka, mkewe akaliepua, Mvuke alivuta pumzi kama mtu aliyepata habari ya msiba.

Ni mtu mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa vitu kumalizika. Hadithi zake hazina mwisho. Hata chakula hakimalizi. Hula kidogo, huzunguka, hurudi, hula kidogo tena, kutwa nzima.

"Mimi sikuolewa na mwanamume," mkewe huwaambia wateja wake, maana ni fundi cherehani na sebule yake haikauki watu. "Niliolewa na mbuzi. Tazama, anatafuna tena."

Habari ya kukeneka ilianza kama tiba ya kimya hicho. Kukeneka ni kuchemsha pombe, kuukamata mvuke wake, na kuupoza mpaka uwe spiriti. Kwetu mwenye nyumba anaruhusiwa kukeneka kiasi cha matumizi yake, mradi mtambo uandikishwe, na Mvuke aliuandikisha siku ya kwanza, akiwa amevaa tai. Jambo la kushangaza ni kwamba hanywi. Soda yenye gesi tu inampiga kichwa. Spiriti yake huenda kwa fundi saa wa kona ya pili, anayeitumia kusafishia vigurudumu vya saa, na nyingine mkewe hufutia vioo. Kwa sababu hiyo, nyumba yao ina vioo visafi kuliko hoteli.

Mtambo wake wa kwanza ulikuwa wa kawaida, sufuria kubwa lenye mfuniko na bomba. Ukijaza, unachemsha, unakusanya, unazima, unamwaga, unaosha, unajaza tena. Mvuke aliuvumilia kwa muda mfupi.

"Huu ni utoto," alimwambia fundi saa. "Kila saa unaanza upya. Ni kama kupanda ngazi, ukifika juu unarushwa chini."

"Kwani unakwenda wapi?" fundi saa akauliza.

"Siendi popote. Nataka tu isisimame."

Basi akajenga mnara. Alichora mchoro wake nyuma ya kalenda za zamani, akauchora tena, akakata bomba la chuma cha pua lililo refu kuliko mlango, akalisimamisha uani kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa kwetu sisi majirani. Ndani alijaza gololi za kioo. Alinunua gololi zote za maduka ya jirani, na watoto wa mtaa wakacheza kwa vifuniko vya chupa msimu mzima, wakimtazama kwa jicho baya kila alipopita.

Kazi ya mnara ni rahisi kueleza. Pombe iliyochachuka hutoka kwenye pipa lililoinuliwa, ikaingia katikati ya mnara kidogo kidogo na kuteremka juu ya gololi. Chini kuna hita ya umeme. Mvuke unapanda, unapishana na pombe inayoshuka, unainyang'anya spiriti yake, unafika kileleni. Kileleni kuna koili ya shaba, na ndani ya koili yanapita maji baridi ya bomba. Mvuke ukiigusa koili unapoa, unakuwa kimiminika, unatoka kwenye kijibomba cha pembeni. Mabaki ya pombe yanatoka chini. Unalisha huku, unapokea kule, unamwaga chini, mchana kutwa, na hakuna kuzima wala kuosha.

Fundi saa alipouona mara ya kwanza alizunguka mnara ule huku mikono ameifunga nyuma.

"Mtandao unashika?"

"Acha masihara, bwana."

"Nauliza tu. Mnara wa simu wa kule sokoni ni mfupi kuliko huu."

Mnara ulifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa maji. Tangi la juu ya nyumba lina bomba moja, nalo hugawanyika mara mbili, tawi moja la bafuni na jiko, na tawi jingine la uani. Mtu akifungua maji bafuni, koili inabaki na mchirizi mwembamba kama mkojo wa paka. Kileleni joto linapanda, mvuke unapita bila kupoa, na uani pananuka kama duka la dawa. Hapo lazima Mvuke apunguze hita upesi, maana mvuke ule ukikutana na cheche si mchezo. Alikuwa amechora kila valvu, kila kona, kila skrubu. Watu wa nyumbani hawakuwemo kwenye mchoro.

Dawa aliyoipata ilikuwa kelele. Anayetaka maji lazima apaze sauti, "Nafungua!" Mvuke akiwa tayari hujibu "Fungua!", na asipokuwa tayari hujibu "Subiri!" Sisi wa upande wa pili wa ukuta tulijua nani anaoga, nani anaosha vyombo, na nani anaharisha. Mteja mmoja wa mkewe, amesimama sebuleni anapimwa gauni, alisikia sauti ya msichana ikilia "Nafungua!" na sauti ya mwanamume ikijibu kutoka uani, "Usithubutu!" Aliondoka na pini kiunoni, hakurudi.

Kwa hiyo ilipojulikana kwamba mama anakuja, mke wa Mvuke alikwenda uani, akapiga mnara kwa kidole. Ukalia ngi.

"Mume wangu, nisikilize vizuri. Mama yangu hatapiga kelele ndipo aoge."

"Sawa."

"Hataambiwa asubiri. Hataambiwa habari ya maji. Wewe hutafungua mdomo wako mbele yake kutaja bafu, ndoo, sabuni wala bomba. Yule ni mkweo."

"Mke wangu, mimi naweza kweli kumtajia mama habari za kuoga? Nina adabu."

"Una adabu, lakini una mnara. Mama yangu akikosa raha hata kidogo katika nyumba hii, mtu wa vyuma chakavu anakuja. Nimeshaongea naye. Amesema atauchukua pamoja na gololi."

Mvuke alichukua kitambaa chake akaufuta mnara pale ulipoguswa.

Mpango wake ulikuwa wa kumtumia binti yao, anayefanya kazi saluni na ana sauti nzuri. Bibi akielekea bafuni, binti angeimba. Mvuke akisikia wimbo angepunguza hita, angebana ulishaji, angesubiri mpaka bibi atoke. Hakuna neno ambalo lingesemwa, adabu ingebaki mahali pake.

Jumapili asubuhi bibi alishika taulo lake la rangi ya chungwa, akainuka. Binti akaanza kuimba kwa sauti ya juu. Bibi akasimama katikati ya sebule, akageuka, macho yakamlegea.

"Hee! Unaniimbia mimi?"

Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Sauti ya marehemu dada yangu kabisa. Endelea, mjukuu wangu. Endelea." Akaketi, taulo mapajani, akaanza kupiga makofi taratibu.

Uani Mvuke alipunguza hita, akasubiri. Wimbo ukaisha, akapandisha hita. Bibi akainuka na taulo, binti akaanza wimbo mwingine, bibi akaketi tena. Mvuke akapunguza. Ikawa hivyo mpaka mchana, mnara unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, binti amekauka koo, na bibi anawaambia wateja wa mwanawe kwamba hajawahi kuona mjukuu mwenye mapenzi kama huyu, "kila nikishika taulo ananiimbia."

Jioni mke wa Mvuke alilishika taulo lile kambani. Lilikuwa kavu kabisa. Akamwita mumewe jikoni, akaufunga mlango, ingawa ukuta wetu na wao ni mmoja na mlango haukusaidia.

"Mama yangu hajaoga tangu afike."

"Mimi sijamzuia."

"Mtoto wangu amekuwa kengele ya kiwanda, halafu hujamzuia! Sasa sikiliza. Kesho mama ataoga, kwa amani, maji ya kumtosha. Yakitokea mambo yako, Jumanne uani kwangu ni peupe. Nitatandika vitambaa vyangu pale."

"Na mnara?"

"Utauona sokoni, wanauza kwa kilo."

Mvuke hakula kidogo kidogo usiku ule. Hakula kabisa, na mkewe alilitambua hilo, lakini hakubadilisha neno.

Jumatatu kulikuwa na joto tangu alfajiri. Mke alibeba magauni ya wateja akatoka kuyapeleka. Binti akaenda saluni, anaongea kwa kunong'ona kwa sababu sauti imekwisha. Nyumbani wakabaki Mvuke na mama mkwe. Mvuke alikuwa ameamua kwamba bibi akifungua maji, atazima hita, basi. Mnara utasimama, yeye ataumia moyo, mkewe ataridhika. Alikuwa amejisemea hivyo tangu kitandani, na naamini alikusudia kabisa kulifanya.

Akasikia komeo la bafu. Kisha maji. Bibi hakufungua kidogo, alifungua kama mtu aliyekaa siku mbili bila kuoga.

Joto la kileleni likaanza kupanda. Mvuke akatazama kipimajoto, akatazama dirisha dogo la bafu lililo juu ya mtambo, akashindwa kujizuia.

"Mama!" akaita kwa adabu. "Naona mawingu yanakusanyika!"

"Acha yakusanyike," ikatoka sauti dirishani. "Mimi niko ndani."

"Nasema huenda... huenda ikawa vizuri kupumzika kidogo, mama."

"Ndiyo napumzika hivi, mwanangu!"

Harufu ikaanza. Na hapo mkono wa Mvuke ukafanya jambo ambalo kichwa chake hakikuulizwa. Kule kiwandani sheria ilikuwa moja, maji ya boila kwanza. Maji yakipungua unakata kila tawi jingine, la ofisini, la chooni, hata la meneja, mpaka boila ishibe. Alikuwa amelifanya hilo maisha yake yote. Mkono ulikwenda kwenye valvu iliyo ukutani, ukaizungusha mpaka mwisho. Koili ikajaa maji tena, joto likashuka, harufu ikakatika. Bafuni pia maji yakakatika.

Mvuke akatazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Mkwe!"

"Naam, mama."

"Maji yamekatika."

Mvuke akaificha mikono nyuma.

"Mkwe, nina sabuni machoni."

"Pole sana, mama."

"Pole haisuuzi. Mbona huko nasikia maji yanatiririka?"

"Ni... ni maji ya kazi, mama."

"Yana kazi gani kubwa kuliko mimi?"

Mvuke alinyoosha mkono airudishe valvu. Valvu ile ilikuwa ya zamani, na alikuwa ameikaza kwa nguvu ya hofu. Ikagoma. Akaishika kwa kitambaa, ikagoma. Alipokuwa bado anapambana nayo mlango wa nyuma ulifunguka, na mama mkwe akatoka amejifunga shuka kuanzia kwapani hadi miguuni, kichwa cheupe kwa povu, macho ameyafumba, mkono mmoja unapapasa ukuta. Alikuwa anafuata sauti ya maji.

Mvuke aligeuka upesi, pua ikagusana na mnara.

Nyuma ya mnara, maji yanayotoka kwenye koili yalikuwa yakishuka kwa mpira hadi mtaroni. Bibi aliupata mpira kwa vidole. Akakinga kiganja.

"Mkwe. Haya maji ni ya moto."

"Ndiyo, mama. Yanaupoza mvuke, kwa hiyo yenyewe yanapata joto."

"Yana pombe?"

"Hapana, mama. Yanapita ndani ya koili tu, hayagusani na kitu. Ni maji ya bomba safi."

"Na yanakwenda wapi?"

"Mtaroni."

"Mtaroni!" Alilitamka kama mtu aliyeambiwa kwamba mchele unatupwa. "Maji ya moto, yanajileta yenyewe, mchana kutwa, unayamwaga mtaroni? Na mimi nina magoti haya?"

Kambani kulikuwa na mashuka yamekauka. Bibi aliyavuta yakakutana, akaingia katikati yake na mpira wake.

"Umegeuka?"

"Nimegeuka, mama. Sina pa kugeukia zaidi."

"Basi usizime."

"Sizimi, mama."

Tukasikia maji yakimwagika, na bibi akihema kwa raha. Baada ya kitambo akaita, "Yamepoa kidogo. Ongeza moto."

"Mama, nikiongeza, joto la kileleni litapanda."

"Kwani huko kileleni una mkwe mwingine?"

Mvuke akapunguza mtiririko wa koili kwa upana wa unywele, maji ya mpira yakapata moto. Akatazama kipimajoto. Kilikuwa kimetulia. Kwa mara ya kwanza tangu mnara usimame, kulikuwa na mtu anayeoga katika nyumba ile na sindano haitikisiki, kwa sababu maji ya kuoga yalikuwa yameshapita kwenye koili kwanza. Spiriti ilikuwa inatoka nyembamba na sawasawa kama uzi wa cherehani. Alitabasamu, pua ikiwa bado kwenye chuma.

Hivyo ndivyo mkewe alivyowakuta. Aliingia uani na kikapu kitupu, akamwona mumewe amesimama wima ameuangalia mnara kama mtoto aliyeadhibiwa, na nyuma yake mashuka yanatoa moshi.

"Mume wangu, unafanya nini?"

"Nasimamia."

"Unasimamia nini?"

"Mimi," ikajibu sauti ndani ya mashuka.

Kikapu kikaanguka. "Mama! Unaoga uani?"

"Naoga kama malkia. Usipige kelele, utamshtua mkwe wangu, yuko kazini."

"Nani amekutoa bafuni?"

Mvuke alifumba macho. Valvu ilikuwa pale ukutani, imefungwa, kitambaa chake bado kinaning'inia juu yake. Mkewe aliiona, akamwona na yeye, akaelewa yote.

"Umemkatia mama yangu maji."

"Mkono ndio uliokata," Mvuke akasema kwa sauti ndogo.

"Basi huo mkono uuage mnara. Nampigia simu yule mtu sasa hivi, aje na mkokoteni."

"Aje na mkokoteni mkubwa," mama akasema, "anipakie na mimi. Mtambo huu ukiondoka, naondoka. Magoti yangu hayajanyamaza hivi tangu baba yako yuko hai."

"Mama, huyu amekuacha na sabuni machoni!"

"Sabuni imetoka. Wewe bafuni kwako maji yana baridi ya kuvunja meno, binti yangu, sikutaka kusema, mimi ni mgeni. Jana nilifurahi kuimbiwa, nikajua angalau nimepata sababu ya kutokwenda."

Mke wa Mvuke akayatazama mashuka. Mashuka yale yalikuwa yake, mama alikuwa wake, na mambo yote mawili yalikuwa yanatoa moshi kwa raha. Hatimaye akamgeukia mumewe.

"Mama yangu hataoga nje kama gari."

"Hapana."

"Na wewe hutasimama hapa akiwa anaoga. Nyumba ina macho, majirani wana masikio." Alisema hayo akiutazama ukuta wetu.

"Lakini mke wangu, mtambo hauachwi peke yake. Lazima mtu asome kipimajoto."

"Kinasomwaje?" mama akauliza kutoka ndani.

"Ni namba tu, mama. Ikipanda, unaniita."

"Namba nazijua. Nitaisoma mimi, nikiwa hapa hapa, nitakuitia kwa sauti ukiwa huko jikoni. Asubuhi na jioni. Na mchana magoti yakiuma."

"Mpaka paa lako liishe," mke wa Mvuke akasema, nusu akiuliza.

"Waambie wale mafundi wasijitese na haraka."

Mke wa Mvuke aliokota kikapu chake. Alisema tu kwamba kesho jioni asipoona mlango pale, mlango wa kweli wenye bawaba, atampigia mtu wa vyuma, na mama atahamia bafuni na baridi yake. Akaingia ndani. Tulimsikia akiiendesha cherehani kwa kasi sana, bila kitambaa nadhani.

Kesho yake asubuhi, kabla hajanywa chai, Mvuke alikifungua kipimajoto, akakigeuza kitazame upande wa mtaro, akaandika namba zake upya kwa rangi nyekundu, kubwa, za kusomwa bila miwani. Kisha akapima kwa futi upana kati ya mnara na ukuta wetu, akamwomba mama mkwe, akiwa ameinamisha kichwa, amtazamie mtambo kidogo, akaenda kwa seremala kuagiza mlango, komeo liwe kwa ndani.